Redio za mtandaoni zilianzaje, na kwa nini nyingi za mwanzo zilizimika

Mkuu, umeuliza redio za intaneti zilianzia wapi na kwa nini nyingi za mwanzo zilipotea. Mwaka 2001 nilikuwa narusha ya kwangu nikiwa Maryland, Marekani, kwa hiyo naongea nikilijua.

Mmarekani Carl Malamud alianza mwaka 1993 na vipindi vya mahojiano, ila ilibidi upakue faili zima ndipo usikilize. Novemba 1994 WXYC, kituo cha redio cha wanafunzi kule Chapel Hill, North Carolina, kikawa miongoni mwa vya kwanza kupitisha matangazo yake mtandaoni moja kwa moja. Aprili 1995 ikaja programu ya RealAudio: unasikiliza huku sauti bado inaingia, hata kwa modemu ya laini ya simu.

Kwangu mapinduzi yenyewe ni SHOUTcast, programu ya kurusha redio kutoka kompyuta yako, iliyotoka kwa vijana wa Nullsoft, wale wale wa Winamp, programu ya kupigia muziki. Nilichomeka waya kutoka redio kaseti hadi kwenye kompyuta, nikaweka kanda za Msondo na Mlimani Park, jamaa wa London na Muscat wakasikiliza. Mnara sina, leseni ya masafa sina!

Sasa shida ilikuwa hapa. Mnara wa FM haujali wanasikiliza watu kumi au elfu kumi, lakini kwenye intaneti kila msikilizaji anatumiwa nakala yake. Laini yangu ilipandisha kilobiti 128 kwa sekunde, nami nilirusha kwa 24, mono (sauti ya njia moja). Gawanya mwenyewe: watu watano, wa sita anaambiwa seva imejaa. Na kwa 24 hiyo gitaa la solo linasikika vizuri tu, ila matoazi yanalia kama yako ndani ya maji. Nikishuka hadi 16 napata nafasi ya watu wawili au watatu zaidi, lakini tarumbeta zinaharibika, na dansi bila tarumbeta ni nini? Nilibaki na 24.

Wenye wasikilizaji wengi waliumizwa na mirabaha, yaani malipo ya haki za muziki. Juni 2002 kiwango kilipangwa Marekani: senti 0.07 kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji, tena kikirudi nyuma hadi 1998. Chukua nyimbo 15 kwa saa, wasikilizaji 100 mchana na usiku: zaidi ya dola 25 kwa siku, karibu dola 9,200 kwa mwaka. Kituo cha kujitolea kingezitoa wapi? SomaFM, redio ya mtandaoni ya San Francisco, ilizima matangazo mwezi huo huo. Wanamuziki walipwe, hilo halina ubishi, lakini kutoza kwa kichwa bila kuangalia kituo kinaingiza nini ilikuwa kuwaachia uwanja wenye mitaji. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa nafuu wadogo, wakati wengi walishafunga.

SomaFM ilirudi, na hadi leo inaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Anzia hapo kusikiliza.