Usilipe boti ya Ziwa Tana kabla hujataja visiwa kwa majina

Mkuu, usilipe hiyo advansi. Kama umeshalipa, anza kuidai leo.

Nimesoma ratiba ya Ziwa Tana, kule Ethiopia, uliyopewa na dalali wako: asubuhi Kebran Gabriel, halafu Daga Estifanos, halafu Tana Cherkos, jioni maporomoko ya Tis Abay, kwenye Mto Nile ya Buluu unaotoka ziwani humo. Siku moja. Watu wanne: wewe, mkeo na mashemeji zako wawili wa kike. Waliotangulia kukujibu wamekupongeza, mmoja kakukumbusha ubebe mafuta ya jua, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba monasteri zote tatu ulizoandikiwa ni za wanaume watupu. Zote tatu! Mwanamke anaishia gatini. Yaani unawapandisha ndege mkeo na dada zake mpaka Bahir Dar, mji wa kando ya ziwa, wakakae ndani ya boti wakikuangalia wewe unapanda kilima.

Najua haya kwa sababu mimi nilimpeleka mama mkwe. Chekeni, mkimaliza tuendelee.

Mama mkwe wangu ni wa Moshi, mtu wa kanisa hasa, kitabu cha Kutoka anakijua sura kwa sura. Aliposikia kuna kisiwa ambacho Waethiopia wanasimulia kwamba Sanduku la Agano lilikaa hapo miaka 800 kabla ya kupelekwa Aksum, ikawa ndiyo habari ya nyumba nzima. Nusu ya hela ya boti alitoa yeye, hela yake ya kahawa. Dalali nilimpata mtandaoni, nikamwandikia wazi kabisa: tuko watatu, mimi, mke wangu na mama yake, tunataka Tana Cherkos. Akajibu, karibuni sana, mama atafurahi. Ujumbe huo ninao kwenye simu hadi leo. Mke wangu ameniambia niufute, nimekataa, ule ni ushahidi.

Sasa elewa kwamba Tana si bwawa la kuzungukwa kwa mtumbwi. Ni ziwa la kilomita za mraba kama 3,000, na Cherkos iko ng'ambo ya mashariki. Kwa zile boti za kawaida za injini moja ni saa mbili hadi tatu kwenda tu. Mama mkwe alikaa mbele, kajifunga shela jeupe alilonunua sokoni jana yake, anaimba tenzi. Wavuvi wanapita na zile tankwa zao za mafunjo, yeye anawapungia mkono. Nilijiona mkwe wa mfano.

Tumefika, mtawa mmoja mzee akashuka hadi gatini. Akanisalimia vizuri tu. Akawatazama wanawake, akamtazama nahodha, na nahodha akatazama maji. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua tangu tunapanda. Wote wanajua! Bahir Dar nzima, mpaka muuza kolo, shayiri ya kukaanga, wa barabarani, inajua mwanamke haingii Cherkos, kwa hiyo usidanganywe kwamba ni jambo dogo lililompitia mtu. Dalali alisoma neno "mama" akaona hela ya kiti cha tatu.

Mama mkwe hakulalamika. Ingekuwa nafuu angelalamika. Alisema, "Nenda wewe baba, utanisimulia." Waliooa wanaelewa uzito wa sentensi hiyo. Nikapanda mbio kama mtu aliyeacha sufuria motoni, nikaonyeshwa mawe ya kale ambayo wanasema ni ya sadaka za enzi za kabla ya Ukristo, nikaitikia kila kitu, sikusikia chochote, nikashuka. Mke wangu alikuwa amegeukia upande wa pili wa ziwa.

Halafu nahodha, bila haya, akawasha injini akasema sasa Daga Estifanos. Daga! Kule kunakotunzwa miili ya wafalme wa kale, Fasilides aliyejenga Gondar akiwemo, na ambako mwanamke pia haruhusiwi. Nikamwambia geuza. Jioni nikamfuata dalali anirudishie hela, akanijibu nililipia boti, na boti imekwenda na kurudi. Ukimsikiliza kwa makini ana haki, na hiyo ndiyo inayoniuma. Sikulipia kuingia. Kiingilio kila monasteri inatoza yenyewe, unamlipa mtawa palepale mlangoni, hakimo kabisa kwenye bei ya boti. Hilo nalo hukuambiwa, sivyo?

Na yule kijana wa video za safari, mwenye kamera ya kurusha angani na muziki wa kinanda, aliyetuambia "visiwa vya Tana ni safari tamu ya familia nzima", siku nikikutana naye nitampakia kwenye boti na mama mkwe wangu. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Atajua utamu.

Kwa hiyo sheria ni moja tu: usinunue "visiwa". Nunua majina. Mwandikie dalali monasteri mojamoja kwa jina, na kwa kila jina muulize, mke wangu ataingia hadi ndani ya kanisa? Si "atafika". Kufika hata mama mkwe alifika. Akijibu kwa ujumla, akisema msijali, tafuta mwingine.

Majina ya kumpa ni haya. Rasi ya Zege, kwa boti si mbali na hata kwa gari panafikika, ina Ura Kidane Mehret na Azwa Maryam, wanawake wanaingia zote mbili. Entos Eyesu iko karibu kabisa na Kebran Gabriel, wanaingia. Kisiwa kikubwa cha Dek kina Narga Selassie, iliyojengwa karne ya 18 na malkia Mentewab, wanaingia ila ni mbali, hiyo ni siku yake peke yake. Mama mkwe aliposikia habari za Mentewab alisema, "Huyo alikuwa na akili, alijijengea la kwake."

Ura ndiyo iliyoninusuru. Kesho yake niliwapeleka bila dalali, bei nikapatana mwenyewe na mwenye boti. Ni kanisa la duara, unavua viatu, katikati kuna patakatifu pasipoingiwa ila na makasisi, na kuta zake zote zimejaa picha kuanzia chini hadi juu. Kuna Belai mla watu, muuaji aliyeokolewa siku ya hukumu kwa sababu aliwahi kumpa maji maskini aliyemwomba kwa jina la Maria. Mama mkwe alisimama mbele ya Belai muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Sikuuliza. Njia ya kutoka gatini inapita kwenye msitu wa kahawa, akaanza kuikagua mibuni, akasema hii haijapogolewa, hawa watu wanapoteza mali. Hapo nikajua amani imerudi.

Maporomoko: umesema unakwenda Machi. Picha uliyoweka ni ya masika yao, Agosti au Septemba. Machi ni kiangazi, tena maji ya Tana yanakwenda kwenye umeme, tangu 2010 mtambo wa umeme wa Beles unayachota ziwani kwa handaki. Nyuma ya noti ya zamani ya birr 1 kuna picha ya maporomoko hayo, na nakuhakikishia noti ina maji mengi kuliko niliyoyaona mimi. Ni kama kilomita 30 kutoka mjini. Ukienda, nenda kwa ajili ya lile daraja la mawe la Wareno la enzi za mfalme Susenyos, maji yakiwepo ni bahati yako. Ila usithubutu kuyabandika jioni ya siku ya visiwa. Haiwezekani, aliyekuandikia hivyo hajali kama utafika.

Jambo moja si la utani. Mimi nilikwenda wakati wa utulivu. Tangu 2023 jimbo la Amhara, Bahir Dar ikiwemo, lina mapigano kati ya jeshi na wapiganaji wa Fano, wanamgambo wa Kiamhara. Ulizia ubalozi hali ilivyo kabla hujakata tiketi ya ndege ya ndani, na usimwulize dalali, yeye atakuambia mama atafurahi.

Chakula: Machi kwa kawaida inaangukia kwenye kwaresima yao ya siku 55, nyama na maziwa vinaadimika, lakini shiro, mchuzi wa unga wa dengu, ipo kila kona na sato wa ziwani utampata. Saa zao ni kama zetu, saa moja ni asubuhi jua likishachomoza, ila dalali akikuandikia kwa Kiingereza mwulize anahesabu kwa saa za nani, la sivyo boti itakuacha.

Uliuliza pia viza na mambo ya dola, nimeona, wengine watakujibu. Wewe mwandikie huyo jamaa sasa hivi, jina kwa jina, halafu jibu lake liweke hapa tulisome wote.