Mota ipi inaifaa fremu ya titani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo fremu ya titani ya baiskeli ya kawaida, iliyotumika lakini haina ufa wala mbonyeo, nami nataka kuigeuza kuwa baiskeli ya umeme. Je, nifunge mota kwenye habu, yaani kitovu, ya gurudumu la nyuma au kwenye ekseli ya pedali? Na je, fundi anaweza kunichomelea vishikizo vya betri?

JIBU: Ndugu msomaji, ningekushauri uchague mota ya pedali. Mota ya habu inapozungusha gurudumu, ekseli yake husukumwa kuzunguka kinyume, na nguvu hiyo yote hubebwa na masikio mawili membamba ya fremu yanayoishika. Nati zikilegea kidogo tu, ekseli huyapanua masikio hayo na kukata nyaya zake, na gurudumu linaweza hata kuchomoka. Sikio la fremu ya chuma lililoharibika fundi wengi huweza kulitengeneza. La titani ni wachache mno. Ukiamua kutumia habu hata hivyo, usiendeshe bila mkono wa chuma unaofungwa kwenye fremu ili kuizuia ekseli isizunguke.

Mota ya pedali huingia ndani ya tundu la ekseli ya pedali. Pima upana wa tundu kabla ya kununua chochote, kwa kuwa mota nyingi za kujifungia zimetengenezwa kwa milimita 68 au 73, kisha hakikisha kwamba kasha la mota halitagusa mabomba ya nyuma. Mnyororo utalika upesi zaidi, lakini hubadilishwa kwa urahisi, fremu haibadilishwi hivyo.

Kuhusu kuchomelea, nakuomba usithubutu kwa fundi wa kawaida, hata awe hodari wa chuma. Titani ikiwa ya moto mkali hufyonza oksijeni na nitrojeni ya hewani, ikawa ngumu na yenye kukatika ghafla; kwa hiyo gesi ya arigoni lazima iifunike nje na ndani ya bomba mpaka ipoe. Kiungo kizuri hung'aa kama fedha, ilhali kilichotoka zambarau au kijivu chenye unga mweupe kimeingiwa na hewa. Wala usitoboe bomba. Tumia matundu mawili ya bolti za kishikio cha chupa, na kwa kuwa betri ya volti 48 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 480, huwa na uzito wa takriban kilo 3, ongeza mikanda inayozunguka bomba, ukitandika mpira chini yake.

Paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania popote alumini inapokutana na titani, kwa sababu penye maji na chumvi alumini huliwa na kukwama humo. Baada ya safari chache za mwanzo kaza tena nati ya mota, kwani mota ya pedali hujizungusha ndani ya tundu lake, na ukiiona imeanza kuligonga bomba la chini, simama kwanza uikaze.