Kredo ya meli huisha usiku, kama bando

Siku wakala wa safari za meli za utalii aliponiandikia kwamba chumba chetu kimepata kredo ya melini ya yuro 100, mume wangu aliweka kikombe cha chai chini akasema yeye hapandi meli kwa mkopo. "Riba hiyo, mama. Mimi simo." Ilinichukua jioni nzima kumwelewesha kwamba hakuna anayetukopesha. Ni salio, kama kredo ya simu: linawekwa kwenye akaunti ya chumba chako, na ukinunua kitu melini linakatwa humo kwanza kabla ya kuguswa pesa yako. Akakubali shingo upande. Kumbe wasiwasi wake ulikuwa na akili kuliko furaha yangu, maana kredo ile niliichezea vibaya sana.

Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la safari za watalii hapa Malindi. Kiitaliano nilikiokota kazini kama wengi wetu mjini, na wateja wa Kiitaliano ndio walionitia tamaa ya meli, kila Disemba wakija na picha za Genova na Palermo. Mpaka sasa nimepanda mara tatu, mbili Bahari ya Kati na moja Ghuba kutoka Dubai. Watu hunisimamisha Lamu Road kuniuliza hizi kredo na zawadi za mawakala zinaendaje, basi naandika mara moja nipumzike.

Kwanza jua kredo imetoka mfuko wa nani. Ya kampuni ya meli huja na ofa ya msimu, au na aina fulani ya chumba, au kwa sababu uliweka amana ya safari ijayo ukiwa ungali ndani ya meli. Kuna hata wanaoipata kwa kumiliki hisa. Kampuni ya meli ya Carnival imekuwa ikiwapa kredo wenye hisa 100 na zaidi. Hisa zangu mimi ni za chama cha kina mama, na hizo Genova hazitambuliki.

Kredo ya wakala hutoka kwenye kamisheni yake. Kampuni za meli humlipa kama asilimia 10 hadi 16 ya nauli, lakini juu ya kodi na ada za bandari hapati kitu. Mimi nimelea watoto kwa kamisheni, kwa hiyo hili nalijua kutoka upande wa pili wa dawati: tuseme mimi ndiye wakala wa meli, ukinijia na chumba cha ndani, kisicho na dirisha, cha bei ya chini kabisa sina cha kukumegea, hata ukiniita dada mara ishirini. Njoo na chumba chenye baraza, au vyumba vitatu vya ukoo mmoja, hapo tutaongea. Tena mara nyingi wakala haruhusiwi kushusha bei iliyotangazwa na kampuni, ndiyo maana anakuongezea kredo badala ya kukupunguzia nauli. Kwa hiyo usihangaike kuomba bei ya mwisho kama uko sokoni. Muulize, "Nikikata tikiti kwako, unaniongezea nini?" Halafu nyamaza, umwache afikirie.

Sasa hesabu. Safari ya kwanza nilikuwa na mawakala wawili. Mmoja alitaka yuro 1,240 kwa sisi wawili, usiku saba, bila nyongeza yoyote. Wa pili alitaka 1,310 na kredo ya 100. Bahashishi ya wahudumu katika meli ile inatozwa moja kwa moja, yuro 12 kwa mtu kwa siku, yaani 168 kwa watu wawili siku saba, na hiyo hukwepi. Kredo ikikubali kulipa bahashishi, wakala wa pili ni nafuu kwa yuro 30. Isipokubali, na wewe si mtu wa kununua-nunua, umelipa 70 zaidi ili upewe 100 za kuchezea dukani. Kampuni hazifanani katika hili, na hata ndani ya kampuni moja kredo moja inaweza kulipa bahashishi na nyingine isilipe. Ni swali la sentensi moja. Sikuliuliza. Niliona 100, nikalipa.

Na nilidhani ni 100 kwa kila mtu! Ilikuwa ya chumba kizima.

Kosa kubwa zaidi nililifanya kwa woga wa kadi. Melini unasajili kadi siku ya kwanza, na wao huzuia kiasi fulani cha pesa humo kama dhamana. Kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata kwenye akaunti yako yenyewe, pesa hiyo inakuwa imefungwa kweli, na inaweza kukaa siku kadhaa baada ya safari kabla haijafunguliwa. Nikaona heri nilipe kila kitu nikiwa nyumbani: bahashishi nikalipa, intaneti nikalipa. Tulipopanda Genova tulikuwa na kredo ya yuro 100 na hatudaiwi hata senti. Pombe hatunywi. Kasino hatuingii, na kwa kawaida kredo hizi haziruhusiwi huko hata kama ungetaka. Tukanywa kahawa, tukala jelati, aiskrimu ya Kiitaliano, tukafuliwa kanzu mbili kwa bei ambayo Malindi unashona mpya.

Usiku wa mwisho zilikuwa zimebaki 37. Nikaenda mapokezi nikaulize kama watanipa taslimu. Foleni ilifika hadi kwenye ngazi. Kijana akaniambia kwa upole kwamba kredo yangu ni ya aina isiyorudishwa, na meli ikifunga hesabu usiku huo inafutika. Kama bando la saa ishirini na nne, tofauti ni kwamba hili halina ujumbe wa kukuonya. Nikakimbilia dukani na wenzangu wa mkosi ule ule, kila mtu ameshika kitu asichokitaka. Cha 37 hakikuwepo. Nilinunua saa ya yuro 59, nikaongeza 22 zangu. Kurudi chumbani, masanduku yalikuwa yameshachukuliwa kwenye korido, kwa sababu usiku wa mwisho mizigo hutolewa mlangoni mapema. Saa ikasafiri hadi uwanja wa ndege wa Moi International, Mombasa, ndani ya mfuko wa plastiki, na mume wangu mpaka leo anaiita saa ya riba.

Kwa hiyo, kabla hujalipa chochote, mwulize wakala: hii inarudishwa au hairudishwi? Inayorudishwa haina presha, kwani ikibaki inarudi kwenye kadi au unapewa mkononi. Isiyorudishwa ipangie kazi kabla hujafunga sanduku, na iwe kazi ambayo ungeilipia vyovyote. Bahashishi ikiwezekana ndiyo ya kwanza. Intaneti ya pili, ingawa hapa kuna mtego: mara nyingi ukinunua mapema kwenye tovuti ya kampuni ni nafuu kuliko ukinunua ukishapanda, na kredo kwa kawaida huonekana ukishapanda. Piga hesabu ya tofauti. Ikiwa kununua mapema kunakuokolea yuro 10 lakini kunaacha kredo ya 60 ikining'inia, hujaokoa kitu.

Kwangu mimi matumizi matamu zaidi ni Roma. Meli haifiki Roma, inafunga Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka mjini. Treni ya kawaida ni nafuu kuliko basi la meli, na anayejiamini apande treni. Ila ukienda kwa basi la meli likakwama njiani, meli inakungoja. Ukichelewa kwa mipango yako mwenyewe, meli inang'oa nanga na wewe unabaki na viza yako na koti. Kwa mtu aliyetoka Malindi, mwenye tikiti ya ndege ya siku fulani, utulivu ule unastahili kredo. Napoli ni kinyume chake: meli hufunga pale karibu na ngome ya Maschio Angioino, unashuka kwa miguu unaingia mjini. Kulipia basi hapo ni kutupa pesa baharini.

Zawadi nyingine za mawakala zitazame zikikufaa wewe. Chupa ya divai chumbani, bando la vinywaji vyenye pombe, kwa nyumba yetu thamani yake ni sifuri. Safari ya Dubai nilimwambia wakala wazi kwamba hatunywi, naye akabadilisha chupa ile kuwa kredo ya kufulia nguo. Hakukasirika. Wengi hawakasiriki, ni sisi tunaoona haya kukataa cha bure.

Wakala huyo wa Dubai ndiye aliyenifunza pia kwamba kredo si kipimo pekee. Alitupigia simu kutukumbusha kwamba meli inatoka nchi moja, inazunguka nyingine, inarudi Dubai, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja isingetosha. Kredo yake ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake wote. Ningefuata aliyetoa kubwa, pengine tungekwama bandarini. Wazee wetu walimpa Vasco da Gama rubani mwaka 1498 akavuka salama hadi Bara Hindi; sidhani kama mtu aliuliza rubani yule anaongeza nini.

Safari ya tatu tulikwenda kina mama wa chama, pamoja na wifi yangu, dada wa mume wangu, si ile ya intaneti, ingawa melini utani huo haukuisha siku zote saba. Hapa ndipo wakala ana nguvu kweli. Desturi ya kampuni nyingi ni kwamba kikundi kikifika watu 16, nauli ya mmoja husamehewa, akabaki kulipa kodi na ada za bandari tu. Kwingine pesa hiyo huishia kwa anayekusanya majina. Sisi tulikuwa 16 kamili, vyumba vinane, na kabla ya kuchanga tulikubaliana na wakala nauli ile ya yuro 560 igawanywe kuwa kredo: 35 kwa kila mmoja, yaani 70 kwa chumba. Nilimtaka aiandike kwenye WhatsApp, chumba kwa chumba. Akaona namsumbua. Siku ya kwanza melini, kila mmoja alikwenda kutazama akaunti kwenye runinga ya chumbani, na chumba kimoja kilisoma sifuri. Ujumbe ule nilimtumia tena wakala kabla meli haijaondoka Genova, na kufikia chakula cha jioni 70 zilikuwa zimeingia. Ningesubiri mpaka nirudi nyumbani, ningekuwa naomba. Pale nilikuwa nadai.

Kredo zote tulizimalizia kwenye bahashishi, maana safari hii niliuliza. Ila wifi yangu alikuwa na chake kidogo cha ofa ya kampuni, akanunua hiki na kile, na usiku wa mwisho akabaki na senti 40. Alisimama mapokezi, buibui limekaa vizuri, akamwuliza yule binti kwa Kiitaliano cha Malindi kama senti 40 zinatosha kipande cha limau.