Guangzhou usiku: chakula halali na pa kutembea

Ndugu uliyeulizia chakula halali na matembezi ya usiku Guangzhou, China: shuka kituo cha metro (treni ya mjini) cha Xiaobei, laini ya 5. Tafuta migahawa yenye maandishi 清真, maana yake halali. Agiza lamian, tambi za kuvutwa kwa mkono zenye mchuzi wa ng'ombe, au mishikaki ya kondoo. Migahawa ya kawaida hutumia sana nguruwe, hata kwenye supu, kwa hiyo usibahatishe.

Usiku panda boti gati ya Tianzi uone taa za mto. Wanaotaka baa na muziki waende Party Pier, Pazhou. Metro hufungwa karibu saa 5 usiku.

Unganisha kadi ya benki na Alipay, programu ya simu ya kulipia, kabla ya safari: ukiwa huko, ujumbe wa benki wa kuthibitisha usipofika kwenye laini yako ya nyumbani, malipo yatakwama.