Re: Tusajili au tupandishe madogo?

Mambo mkuu. Nimekuelewa, timu yenu ya kata imepata hela kidogo na mnabishana mchukue wachezaji watatu wa nje au mpandishe madogo wa U17. Sisi mtaani kwetu tulikurupuka na straika mwenye jina, hela ya usajili tukatoa, posho ya mwezi wa pili tukakwama jamaa akasepa, na dogo tuliyemweka benchi kwa ajili yake akawa keshahamia timu ya jirani 😅

Cheki kwanza nafasi ambayo madogo hawana mtu kabisa, hapo ndo usajili. Kwetu ilikuwa kipa na beki wa kati. Wengine pandisha wawili wawili, sio wote kwa mkupuo.

Hata Barcelona, Novemba 2012 na Levante walifika mahali uwanjani wote 11 wametoka La Masia, akademi yao ya vijana, ila ubingwa wa ligi ya Hispania 2024/25, pamoja na madogo wa akademi kina Yamal na Cubarsí, waliofunga magoli mengi zaidi ni Lewandowski na Raphinha, watu wa kununuliwa. Ila kununua nako kunabuma, Griezmann waliyemchukua kwa euro milioni 120 tusimguse.

Bajeti yenu siijui, ila posho za msimu mzima ziwe mkononi kabla hujamsainisha yeyote.