Serikali inatoa fedha, mbona mkopo wangu ni ghali?

SWALI: Assalamu alaykum, mtaalamu. Nauza saruji na mabati hapa Wete. Serikali inajenga skuli na barabara, makandarasi wananunua, alhamdulillah. Lakini nikienda kuomba mkopo naambiwa riba iko juu kwa sababu ya Benki Kuu. Mkono mmoja unatoa, mwengine unanyang'anya? Na kwa nini Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) isiiambie Benki Kuu iishushe riba kwa Zanzibar tu?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nianze na la mwisho maana ni jepesi: haiwezekani. Sarafu na benki kuu ni mambo ya Muungano, yamo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri. Shilingi ya Wete ndiyo ya Mwanza, na riba yake huamuliwa mara moja kwa wote. SMZ imebaki na bajeti: kodi zake, matumizi yake, mikopo yake.

Sasa hiyo mikono miwili. Tuseme mkandarasi wa skuli kalipwa. Fedha inatoka akaunti ya Serikali iliyoko Benki Kuu, inaingia benki yake. Yeye anaona salio tu, lakini benki yake nayo imepata fedha mpya za kukopesha benki nyengine. Malipo ya namna hiyo yakifuatana, mabenki yanajaa ukwasi, yaani fedha zilizo tayari kukopeshwa, na riba wanayokopeshana huanguka chini ya ile iliyokusudiwa na Benki Kuu. Hapo Benki Kuu huingia sokoni kufyonza ziada. Msimu wa kulipa kodi mambo hugeuka: fedha hutoka mabenki kurudi Serikalini, na Benki Kuu hulazimika kumwaga. Kwa hiyo ratiba ya malipo ya Hazina huifuatilia kama mvuvi anavyofuatilia bamvua.

Huko si kunyang'anyana. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza kwa riba, yaani inatangaza kiwango ambacho riba ya mabenki kukopeshana inatakiwa ikae karibu nacho: ilianza asilimia 5.5, Aprili ikapanda hadi 6, wakati dola ni adimu na bei ya bidhaa za nje, mabati yako yakiwemo, inatishia kupanda. Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Tofauti zenyewe ndogo, kama unavyoona. Akikwambia mtu wa benki kuwa Benki Kuu ndiyo sababu, muulize ni uamuzi wa lini.

Mimi natazama kwengine. Serikali ikikopa ndani kwa dhamana na hatifungani, yaani hati za deni za muda mfupi na mrefu, benki inajiuliza: nimpe mwenye duka, au Serikali isiyofunga duka ikahama? Serikali ikilipa riba nzuri, wewe huna budi kulipa zaidi. Na riba ikipanda, gharama ya deni la Serikali nayo inapanda, bajeti inabanwa, na anayecheleweshewa malipo aghalabu ni mkandarasi.

Hapo ndipo linapokufika wewe. Mkandarasi kachukua saruji kwa mkopo, hajalipwa, hakulipi; nawe unachelewesha rejesho. Benki inaandika kwamba wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ni wa hatari, na anayekuja baada yako anatozwa zaidi. Benki Kuu hata ikishusha riba kesho, doa hilo halifutiki.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza kama riba ya mkopo wako itabaki ile ile mpaka mwisho au itabadilika njiani. Na mkandarasi wa mradi wa Serikali usimpe saruji ya mkopo bila kuuona mkataba wake na masharti ya malipo.