Kuchuna nyaya za shaba nyumbani: ushauri kwa anayeanza kazi hii Dodoma

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi haujapumzika, na kila nyumba inayofungwa umeme, iwe Ihumwa, Nala au Nkuhungu, huacha vipande vya nyaya ambavyo mafundi huviuza kwa bei ndogo au huvitupa. Vijana wengi huvikusanya, kisha huvichoma moto korongoni ili shaba ibaki peke yake. Ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote ni huu: usichome. Ganda la waya wa nyumba kwa kawaida ni plastiki ya PVC yenye klorini nyingi, nayo ikiungua hutoa gesi ya asidi inayowasha macho na kudhuru mapafu, pamoja na sumu za dioksini zinazotua kwenye udongo na majani wanayokula mbuzi na kuku wa majirani. Moto huo huo unakula faida yako, kwa sababu shaba iliyoungua hugeuka nyeusi na mnunuzi huipanga daraja la chini kuliko shaba inayong'aa iliyochunwa kwa kisu.

Kabla ya kushika kisu, chambua mzigo wako. Waya mmoja wa 2.5 (yaani unene wa milimita 2.5 za mraba), ule wa soketi, una takribani kilo 2.2 za shaba katika kila mita 100, na ule wa 1.5 wa taa una takribani kilo 1.3, hizo zinastahili jasho lako, na zile nene zaidi zinastahili zaidi. Nyaya nyembamba za simu na za chaja ziuze pamoja na maganda yake, kwani utamaliza siku nzima kwa gramu chache. Kwangua pia ncha ya kila waya usioujua: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukiichanganya na shaba halisi mnunuzi ataushusha mzigo wote.

Jua la Dodoma ni msaada mkubwa katika kazi hii. Anika nyaya juu ya bati kuanzia saa nne asubuhi, na kufikia saa saba plastiki itakuwa imelainika kiasi cha kuchanika kwa urahisi. Asubuhi za baridi za Juni na Julai ganda huwa gumu, kisu huteleza, na hapo ndipo vidole hukatwa. Bana ncha ya waya kwenye jiliwa au uifunge kwenye msumari imara, kisha laza kisu karibu sambamba na waya na ukisukume mbele, mbali na mwili wako, ukipasua plastiki bila kuikwaruza shaba. Ganda likishafunguka, vuta shaba kwa plaizi. Waya bapa wenye ganda la nje hauhitaji kisu kwa urefu wake wote: fungua ncha, shika kwa plaizi ule waya wa ardhi ulio wazi katikati, uuvute kurudi nyuma, nao utapasua ganda lenyewe mpaka mwisho. Vaa glavu za ngozi na miwani, na unawe mikono kabla ya kula, kwa sababu plastiki za zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Kuhusu asili ya mzigo, sina ulegevu. Usinunue nyaya za TANESCO, za simu wala za reli ya umeme, hata bei iwe nzuri namna gani, kwa kuwa kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na waya mmoja ulioibwa unaweza kuzima taa za zahanati. Mwombe fundi au mwenye nyumba akuandikie karatasi fupi inayoonyesha mzigo umetoka wapi. Waya uliomo ukutani usiuguse mpaka fundi mwenye sifa ahakikishe kuwa hauna umeme.

Maganda yaweke kwenye kiroba na uwaulize wanunuzi wa plastiki kama wanayahitaji. Usiruhusu mtu yeyote nyumbani kuyatumia kuwashia mkaa. Siku ya kuuza, jaribu kwanza mzani wa mnunuzi kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, ambayo inapaswa kuzidi kilo moja na nusu kidogo tu, ndipo upandishe shaba yako.